Mbwa wa marehemu mzee hali chakula tangu msiba, mtaalamu anasema achomwe sindano afe. Nani mwenye haki ya kuamua?

#1 Mrina Mdogo
Wakuu habari za jioni. Naingia kwenye mada moja kwa moja maana keshokutwa asubuhi natakiwa nitoe jibu.

Mzee wetu alifariki wiki tano zilizopita, tuko Tabora mjini, Ipuli. Alikuwa mrina asali, mizinga yake iko huko Sikonge ndani ndani, alikuwa anaweza kupotea wiki tatu akirudi ana madumu kwenye baiskeli na moshi mwilini mpaka mama anamwambia leo utalala nje. Mwenzie wa safari ni mbwa anaitwa Watasema (jina mzee alimpa kwa ajili ya majirani, hiyo stori nyingine). Watasema ana miaka kama tisa, mbwa wa kienyeji tu, rangi ya udongo, sikio moja lilichanwa na ngiri.

Mzee aliugua ghafla akapelekwa hospitali usiku, hakurudi. Siku ya msiba watu walikuwa wengi, mbwa tukamfungia kwenye banda la jirani, kwaiyo hakuona chochote, hakuona jeneza wala nini. Tulipomfungulia akaenda moja kwa moja pale getini mzee alipokuwa anaegesha baiskeli akalala. Ndo yuko hapo mpaka leo. Ukimwekea ugali na dagaa ananusa anageuza kichwa, maji anakunywa. Amekonda mbavu unazihesabu, na wiki hizi mbili macho yamekuwa kama yana ukungu.

Juzi kaka mkubwa kaita mtaalamu wa mifugo, kaja kamwangalia dakika tano akiwa mbali kidogo, kasema huyu kazeeka na ana majonzi, hatapona, bora achomwe sindano apumzike, elfu arobaini. Kaka kakubali. Mama kasema mkimchoma huyo na mimi mnichome. Mimi nipo katikati sijui hata nisimame wapi. Hivi mbwa anaweza kufa kwa majonzi kweli? Na nani ana haki ya kusema huyu afe, aliyelipa, aliyebaki naye nyumbani, au mtaalamu? Naomba kuwasilisha.

#2 Tumbaku Kali
Nimekaa paleee. Ila "Watasema" hahaha, mzee alikuwa na neno na mtu.

#3 Mgebuka Mkavu
Pole kwa msiba mkuu. Ila elfu 40 kuua mbwa?? Huku Kibirizi hiyo pesa unapata mgebuka wa kula mwezi. Watu mahospitalini wanahangaika na dawa nyie mnafanyia mbwa kikao cha ukoo.

#4 Binti Ujiji
@Mgebuka Mkavu kila uzi wa mnyama lazima atokee mmoja wa "watu wanahangaika". Hiyo elfu 40 kama isingeenda kwa mbwa wewe ungeipeleka wodini? Acha watu wajadili.

Mrina pole sana. Mimi naamini anaomboleza. Bibi yangu alipofariki paka wake alilala kwenye kanga yake siku kumi na kitu, ukiiondoa anakufuata analia.

#5 Mwisho wa Reli
Kuhusu kufa kwa majonzi sisi wa Kigoma tuna ushahidi wetu hapo Gombe. Kulikuwa na sokwe jike mzee anaitwa Flo, yule mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimfuatilia tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Flo alipokufa mwaka 1975 mtoto wake Flint, ambaye alikuwa kashakuwa mkubwa ila bado anadeka kwa mama, akakataa kula, akajitenga, wiki chache na yeye akafa palepale karibu na alipofia mama yake. Sasa kama sokwe anakufa hivyo mbwa anashindwaje?

#6 Kitabu Wazi
@Mwisho wa Reli umechanganya mwaka. Flo alikufa 1972, na gazeti la Sunday Times la Uingereza likamwandikia taazia kama mtu. 1975 ni mwaka ule wanafunzi wa Gombe walitekwa na watu waliovuka ziwa. Halafu Flint hakufa kwa majonzi peke yake, alidhoofika, mwili ukaishiwa kinga, akaugua ndo akafa. Majonzi yalifungua mlango, ugonjwa ndo ukaingia.

#7 Mwisho wa Reli
Nakubali 1972, asante. Ila hiyo ya mlango inanisaidia mimi wala sio wewe. Bila msiba asingeugua.

#8 Fundi Redio
Kuna yule wa Japani pia, Hachiko. Bosi wake alikufa mbwa akawa anaenda stesheni kila siku kumsubiri miaka 15 mpaka na yeye akafa kwa huzuni. Wakamjengea sanamu. Mbwa ni kiumbe mwingine wakuu.

#9 Kitabu Wazi
Samahani jamani leo nimekuwa mwalimu. Sio 15. Profesa Ueno alifariki Mei 1925, Hachiko akafa Machi 1935, haijafika hata miaka kumi kamili. Na viungo vyake vilihifadhiwa, mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakavipima upya wakakuta saratani, na minyoo ya moyoni alikuwa nayo pia. Kwaiyo huzuni sawa, ila mnyama alikuwa anaumwa kweli kweli huku watu wanampigia makofi kwa uaminifu.

#10 Tumbaku Kali
Na pale stesheni walikuwa wanamrushia nyama za mishkaki, hata mimi ningesubiri 😂

#11 Dokta wa Porini
Nimesoma mpaka hapa, ngoja niseme kitu kabla hamjaandika mashairi. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisoma SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, nimezunguka Kasulu na Kibondo miaka kadhaa, sasa nipo huku kwenu upande wa Tabora.

Mrina naomba unijibu. Huyo mbwa mara ya mwisho kwenda porini na mzee ni lini? Huo ukungu wa macho ni wa rangi gani, mweupe kama maziwa au unavuta bluu? Uso umevimba? Mapaja yamekwisha nyama? Na amewahi kuchanjwa kichaa cha mbwa? USIMSHIKE MDOMO mpaka unijibu hilo la mwisho.

#12 Mrina Mdogo
Dokta nashukuru. Porini walitoka pamoja kama wiki mbili kabla ya mzee kuugua. Macho yanavuta bluu, lile la kushoto zaidi. Uso sijui, labda chini ya macho kumejaa kidogo. Mapaja yamekwisha. Chanjo alichanjwa kwenye kampeni ya mtaa ila kama miaka miwili imepita na kadi siioni.

#13 Dokta wa Porini
Sawa. Kichaa cha mbwa kwanza, maana kaka yako nahisi hiyo hofu anayo ila haisemi. Mbwa akishaanza kuonyesha dalili za kichaa kwa kawaida hamalizi siku kumi. Huyu ana wiki tano, anakunywa maji, hajamng'ata mtu. Sio kichaa. Ila chanjo imepita muda, akipata nafuu achanjwe tena.

La pili, ninachokiwaza ni ndorobo, yaani malale ya wanyama. Mbung'o wa Sikonge hawachagui ng'ombe na mbwa, na mbwa anaumia kuliko ng'ombe. Vile vijidudu vinaingia kwenye damu, homa inakuja inaondoka, damu inapungua, anakonda hata akila, na dalili ambayo ukishaiona mara moja huisahau ni jicho kuwa la bluu. Watu wengi huku wanaita mtoto wa jicho au uzee. Mimi sijamuona mgonjwa, naweza kuwa nimekosea. Ila mtu kumhukumu kwa dakika tano bila hata kumfunua fizi, hapana kwa kweli.

#14 Shemeji wa Urambo
Mwangaluka wote. Dokta umenikumbusha, sisi huku Urambo baba mkwe alikuwa na mbwa watatu wa kuwindia, wote waliisha hivyo hivyo, macho bluu, wanatembea wanagonga miti. Sisi tukajua wamerogwa kwa sababu aliyekuwa anawachukia alikuwa anajulikana. Tukamhamisha mtu kijiji bure kumbe mbung'o.

#15 Tumbaku Kali
Shemeji hebu rudi hapo, mmehamisha MTU?

#16 Shemeji wa Urambo
Alihama mwenyewe bwana, tulimnunia tu.

#17 Ng'ambo Yetu
Hayo ya mbung'o sawa ila msipuuze na hili, mzee kaugua ghafla, hajulikani kaumwa nini, mbwa naye hali. Wawili wametoka sehemu moja. Kuna mkono wa mtu hapo. Mbwa anaona tusivyoviona.

#18 Mrina Mdogo
@Ng'ambo Yetu mzee alikuwa na presha na dawa alikuwa anaziacha akienda porini. Tunajua alichoumwa. Tafadhali.

#19 Mgebuka Mkavu
Dokta mimi nauliza kibiashara. Ndorobo kuna sindano ya unga wa njano kwenye maduka ya dawa za mifugo, wafugaji wote wanaijua. Si anunue amchome mwenyewe yaishe, mambo ya maabara ya nini?

#20 Dokta wa Porini
Ndo ninachokiogopa mtu atakisema. Ile dawa kwa ng'ombe ina nafasi, kwa mbwa kati ya dozi inayotibu na dozi inayoharibu ubongo nafasi ni ndogo sana. Unakadiria kilo kwa macho unamchoma ya ndama, kesho kutwa mbwa anayumba, anatupa kichwa, anakufa, halafu mnasema ni ndorobo imemuua. Kilo zake zipimwe kwenye mzani. Dozi siiandiki hapa.

Na hata ukipatia, kama vijidudu vimeshapanda kwenye ubongo dawa hiyo haifiki huko vizuri. Atapata nafuu, baada ya wiki kadhaa inarudi.

#21 Kitabu Wazi
Dokta ngoja nikurudishe kwenye swali la mleta uzi, maana tumekuwa maabara. Aliuliza nani mwenye haki. Wewe ukiitwa na mteja, kalipa, anasema ua, unafanyaje?

#22 Dokta wa Porini
Hilo mkuu ndo swali lililonifanya nikalala vibaya mara nyingi kuliko ndorobo.

Nikupe kisa kimoja. Miaka ya nyuma nikiwa Kasulu mtumishi mmoja alihamishwa mkoa mwingine. Ana mbwa mzima kabisa, miaka mitatu, anacheza, hana hata kupe. Akaniambia hawezi kusafiri naye na hataki kumwachia mtu atakayemtesa, nimchome. Nikakataa. Nikamwambia sindano yangu ni ya mnyama anayeteseka sio ya mnyama anayesumbua ratiba. Nikaondoka najiona msafi kweli. Yule bwana akapakia vyombo akaondoka, mbwa akabaki kwenye nyumba tupu. Akawa anazunguka kwenye ule mtaa, wiki ya tatu mtu kamtegea sumu. Nilimkuta kwenye mtaro, na wale mliowahi kuona mbwa aliyekula sumu mnajua, sihitaji kueleza. Kwaiyo mikono yangu ilibaki misafi, aliyelipia usafi huo ni mbwa. Leo nikiulizwa swali lile lile sijui ningejibu nini, pengine ningemtafutia mtu wa kumchukua, pengine ningemchoma. Sijui.

Mteja ndiye anayelipa ila mgonjwa sio yeye. Daktari wa watoto kidogo anafanana na mimi, ila mzazi hawezi kumwambia amuue mtoto.

#23 Binti Ujiji
Dokta umeniliza.

Na mimi niseme cha kwangu maana nimekaa nacho miaka. Yule paka wa bibi niliyemtaja juu. Hakufa kwa majonzi. Alikuwa na homa nikamwonea huruma nikampa nusu kidonge cha panado nimekisaga kwenye maziwa. Jioni ulimi umekuwa kama wa udongo, anahema, asubuhi kafa. Nimekuja kujua baadaye kabisa kwamba panado kwa paka ni sumu. Nyumbani wote wanasema paka alimfuata bibi. Mimi ndo nimempeleka, na sijawahi kuwaambia.

#24 Mwisho wa Reli
Pole dada. Nusu ya nyumba za nchi hii zingefanya hivyo hivyo.

#25 Ustadhi Kanyenye
Assalam aleykum. Nimeona familia ni ya Kiislamu kama sikosei. Watu wanadhani dini yetu haina habari na mbwa kwa sababu ya najisi. Mate ya mbwa kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, unaosha mara saba moja kwa udongo, sawa, ingawa Imam Malik hana msimamo huo. Ila mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na mbwa wa mrina asali naona yumo humo. Yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu alisamehewa, na mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa njaa aliadhibiwa. Watu wa pangoni kwenye Suratul Kahf mbwa wao katajwa pamoja nao.

La kumuua ili apumzike wanazuoni wamepishana. Wapo wanaosema roho aiachie aliyeitoa, wapo wanaosema mnyama asiyeliwa akiteseka bila tumaini kumwondoa kwa wema ni sehemu ya ihsani. Ila wote sharti ni mateso yasiyo na tiba. Hapo tiba haijatafutwa.

#26 Mgebuka Mkavu
Ustadhi kaongea, mimi naondoa maneno yangu nusu. Nusu nyingine inabaki.

#27 Bado Kijana
Mimi ndo natofautiana na nyie wote. Mnamlaumu kaka mkubwa lakini fikiria kaka anatoka kazini kila siku anamkuta mbwa wa baba yake anakufa kidogo kidogo getini. Labda ye ndo anayeumia kuliko wote, anataka liishe. Mama anamtaka mbwa abaki kwa sababu ni kipande cha mzee. Hapo hakuna anayemuangalia mbwa, kila mtu anamtumia mbwa kuzika au kutokuzika.

#28 Tumbaku Kali
Duh. Bado Kijana kabadilisha hali ya hewa.

#29 Mrina Mdogo
@Bado Kijana nimesoma mara tatu. Kaka tangu msiba hajalia mbele ya mtu. Sina zaidi.

#30 Mwisho wa Reli
Kama tunasema ya kumuondolea mnyama mateso nirudi Gombe kidogo, na safari hii nimehakikisha mwaka. 1966 polio iliingia kwa sokwe pale. Mmoja alikuwa anaitwa McGregor, miguu yote miwili ikapooza akawa anajiburuta kwa mikono. Wenzake wengi walikuwa wanamuogopa hawamsogelei, mmoja tu, Humphrey, ndo alikuwa anakaa karibu. Goodall na wenzie wakampelekea chakula na kumfukuzia nzi, mwisho wakaona hamna kitu tena wakampiga risasi. Wale wazima wakawa wanawekewa chanjo ndani ya ndizi. Sasa mama wa watu aliyewapenda sokwe mpaka kifo chake Oktoba 2025 naye alifika mahali akakubali. Kupenda na kuua vinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

#31 Kitabu Wazi
Mwaka umepatia. Ila tofauti ipo, McGregor walimuuguza kwanza ndo wakafika huko. Huyu wa Ipuli kaanzia mwisho.

#32 Fundi Redio
Swali kwa dokta, hiyo sindano yenyewe mnyama anaumia? Na huyo mtaalamu wa elfu 40 anaruhusiwa kweli au ndo wale wauza dawa?

#33 Dokta wa Porini
Ikifanywa inavyotakiwa haumii. Ni dawa ya usingizi yenye nguvu dozi kubwa, analala kwanza, fahamu inapotea, halafu pumzi na moyo vinasimama. Tatizo ni wanaofanya isivyotakiwa. Kuna dawa za kulegeza misuli, mtu anazichoma peke yake, mbwa anadondoka ametulia na nyie mnasema kalala vizuri, kumbe yumo ndani macho anajua kila kitu ila hawezi kuvuta hewa. Mwenye mbwa ana haki ya kuuliza ni dawa gani na atalazwa kwanza au la. Akikasirika kuulizwa, mlango huo hapo.

Kuhusu kuruhusiwa, huku kila anayebeba kibegi anaitwa daktari. Kuna daktari wa wanyama aliyesajiliwa Baraza la Veterinari kwa sheria ya 2003, na kuna afisa mifugo mwenye cheti au stashahada ambaye anafanya kazi kubwa tu vijijini, bila yeye mifugo ingeisha, ila mipaka ya kazi zao haifanani. Simsemi vibaya aliyekuja kwenu, simjui, labda alikuwa na ng'ombe kumi wanamsubiri. Sheria ya Ustawi wa Wanyama nayo ipo tangu 2008, watu wanadhani ni ya Ulaya.

#34 Ng'ambo Yetu
Nyie endeleeni na sheria. Mpeni nguo ya mzee anuse, muwekeni kaburini dakika chache, ataelewa. Mbwa ambaye hajaona maiti anasubiri. Hilo wazee wote wanalijua.

#35 Shemeji wa Urambo
Hapo Ng'ambo hata mimi nakuunga mkono. Kwetu mzee akifa na ana mizinga, mtu anaenda kuwaambia nyuki. Sijui wengine.

#36 Tumbaku Kali
Shemeji nyuki wanaambiwa kwa kiswahili au kinyamwezi?

#37 Shemeji wa Urambo
Nenda kawaambie kwa kiswahili uone.

#38 Mrina Mdogo
Nimerudi, siku nne zimepita. Kwa wanaotaka kujua: jibu sikutoa, nilimwomba kaka wiki mbili. Alininunia kisha akatoa yeye nauli ya bajaji ya kumpeleka mbwa. Sikutegemea.

Tulienda kwa daktari mwingine (sio dokta wa humu, hatujuani). Kafunua fizi, nyeupe kama karatasi. Homa anayo. Katoboa sikio kachukua tone la damu kaweka kwenye darubini. Kaangalia muda mrefu, HAKUONA kijidudu. Kaka akaniangalia jicho la unaona.

#39 Mgebuka Mkavu
Dokta wa Porini njoo huku, ndorobo yako imekimbia.

#40 Dokta wa Porini
Haijakimbia. Vijidudu vinapanda na kushuka kwenye damu, leo vipo vingi kesho huvioni. Kutokuona kwenye kioo kimoja sio kusema hakuna. Ila na mimi sina haki ya kukaza shingo, fizi nyeupe na homa vinaweza kuwa ugonjwa wa kupe, minyoo mikali, hata vyote kwa pamoja, na mbwa wa porini ana kila kitu. Yule daktari kaamua nini?

#41 Mrina Mdogo
Kasema kwa historia ya porini na macho anatibu kama ndorobo. Kampima kwenye mzani, kilo 13, mzee alikuwa anasema huyu ana kilo ishirini. Kamchoma moja ndani ya msuli, akampa na dawa ya minyoo. Kasema tukae tunaangalia. Nikamuuliza kuhusu ile sindano nyingine akasema "kwanza tujue tunamuua kwa ugonjwa gani". Nimeipenda ila pia imenitisha.

#42 Binti Ujiji
Tunasubiri mrejesho. Usipotee kama wale wa uzi wa mikopo.

#43 Bado Kijana
Kaka katoa nauli ya bajaji. Haya.

#44 Mrina Mdogo
Wakuu mrejesho, leo siku ya sita tangu sindano.

Ijumaa mambo matatu yametokea na mtanisaidia kuyapanga maana nyumbani kila mtu ana lake. Asubuhi mama alienda pale getini akakaa chini kwenye mchanga, mama yangu ambaye mbwa hamgusi kwa ajili ya udhu, akamwambia kinyamwezi kwamba mzee hayupo, kafa, kazikwa, usimngoje. Nilikuwa ndani nimesikia, sikutoka. Mchana nikatoa koti la mzee la kurinia na bomba la moshi nikatandaza uani vipigwe jua, kuna mtu anataka kununua. Ile harufu ya nta na moshi ikajaa uwanja mzima. Watasema kanyanyuka, kayumba, kaja mpaka kwenye koti kanusa mikono yote miwili, kalilalia. Jioni kala. Sio sana, ugali wa ngumi moja na mchuzi. Jana kala tena. Jicho la kulia ukungu umepungua, la kushoto bado.

Mama anasema ni kwa sababu kaambiwa. Mimi nadhani koti.

#45 Ng'ambo Yetu
NILISEMA NGUO.

#46 Dokta wa Porini
Na mimi niliposema ndorobo? Siku ya tatu ya nne baada ya dawa homa inashuka na hamu ya kula inarudi, hiyo ndo kawaida yake. Angekula Ijumaa hata bila koti.

#47 Kitabu Wazi
Au dawa ya minyoo. Au vyote. Huwezi kujua, vitu vitatu vimefanyika ndani ya siku chache kwa mbwa mmoja.

#48 Dokta wa Porini
Kweli, siwezi kujua. Mrina, baada ya wiki nne hivi mrudishe damu iangaliwe tena, na ukiona anazunguka mahali pamoja au anagonga vitu usisubiri hizo wiki nne. Na ile chanjo ya kichaa akipata nguvu. Wewe mwenyewe ulikuwa unaenda huko Sikonge? Ukipata homa isiyoeleweka mwambie daktari kwamba umeng'atwa na mbung'o, malale ya watu bado yapo.

#49 Mrina Mdogo
Nimekuelewa. Nilienda mara moja mwaka jana. Kuhusu kaka, kasema hela ya ile sindano kaiweka pembeni, mbwa akirudia hali ile ataita mtu na safari hii asizuiwe. Mama hajamjibu. Koti sijaliuza, ndo kalilalia mpaka sasa.

#50 Mgebuka Mkavu
Nje ya mada kidogo, asali ya mzee imebaki? Lita shilingi ngapi mpaka Kigoma kwa treni?

#51 Mrina Mdogo
Imebaki dumu moja na nusu, mama amesema hiyo haiuzwi. Mizinga mingine itakuwa tayari, sema sijui nani ataenda. Nitakucheki.

#52 Tumbaku Kali
Sasa uzi unaisha na hujatuambia mzee alimwita Watasema kwa ajili ya nani.

#53 Mrina Mdogo
Ni kwa ajili ya huyo huyo jirani aliyetupa banda siku ya msiba. Na nahisi yumo humu anasoma. Shikamoo mzee.

#54 Ng'ambo Yetu
Marahaba.